Lipu Juu ya Ufa

Kaka yangu wanamwita Timazi, kwa kile chuma cha kwenye uzi ambacho waashi hupimia kama ukuta umesimama wima. Ukimwuliza hali, hujibu, "Nimesimama," basi.

Mlima ulipoporomoka, mikoa yote ilichangia mfuko mmoja wa kuwainua walioangukiwa. Sharti lake lilikuwa fupi: kila kaya itasaidiwa mara moja tu, ama ikarabatiwe nyumba pale pale, ama ipewe kiwanja kule uwandani. Aliyekwisha kuchagua harudi nyuma, kwa kuwa wengine wako foleni na majanga hayaishi.

Nyumba ya mama yetu ilibaki na ufa mmoja, kuanzia dirisha la jikoni hadi sakafuni. Timazi akaubandikia kipande chembamba cha lipu, kama plasta juu ya kidonda. Ndivyo waashi wanavyouuliza ukuta: lipu ikikatika, ardhi bado inatembea, ikibaki nzima, imetulia.

Kila Jumapili alikuja, akainama, akatazama. Nzima.

"Unainama kama unaomba radhi," mama alimtania. "Kaa unywe chai. Au unataka nihamie uwandani, baba yenu nimwache peke yake?"

Baba amezikwa nyuma ya nyumba.

"Hakuna anayekuhamisha, mama."

Timazi akachagua ukarabati. Matofali yakaja, saruji ikaja, mabati yakaja. Mkewe na watoto wakahamia humo chumba cha mbele kabla rangi haijakauka.

Siku alipofika kupiga lipu jikoni, nilikuwa naosha vikombe. Nilimwona akipitisha kiganja juu ya ufa, akasita. Yeye hupaka kwa mwiko. Pale palikuwa na alama za vidole, tabaka juu ya tabaka.

"Mama, nani amegusa hapa?"

"Mimi. Ilikuwa inakatika-katika, inaniudhi. Nachota kidogo kwenye ndoo yako, naziba."

"Mara ngapi?"

"Sasa ningehesabu? Kila ikikatika. Mama wa fundi akae na ufa, watu wanicheke? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Si hapa hapa mlifunzwa?"

Timazi hakucheka. Alinawa mikono, akaenda ofisi ya mfuko. Karani alimsikiliza vizuri, hata akamvutia kiti. Kisha akamweleza kwamba kiwanja chetu kilikwisha kwenda kwa familia ya mkoa mwingine, ambako mto ulikuwa umekula kijiji.

Aliporudi alibandua tabaka zote, akapaka lipu mpya.

"Hii usiiguse, mama."

"Haya, bwana mkubwa."

Ilikauka siku kadhaa, nasi tukajifunza kuipita bila kuitazama. Ndipo mvua ikaja, asubuhi moja, mvua ya taratibu isiyo na haraka na mtu. Tulikuwa mezani. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama mtu anavunja ukucha.

Hakuna aliyegeuka. Mama aliinuka, akanyoosha mkono kwenye ndoo ya saruji, na Timazi akamshika kiwiko, polepole.

"Acha, mama."

"Tutakwenda wapi sasa?"

Timazi alimtazama miguuni. Alikuwa peku.

"Vaa viatu kwanza," akasema, akaenda kuwaamsha watoto.