Jibu Langu ni 10.8 na Silifuti

Leo darasa zima limenicheka, halafu likanyamaza ghafla.

Tulikuwa maabara, tunabembeza jiwe kwenye uzi tupate g, ule mchapuko wa mvutano wa dunia.

Kitabu kinasema 9.8. Wenzangu wote wakapata 9.8.

Mimi 10.8.

"Si upike data tu kama sisi," Neema wa meza ya jirani akaninong'oneza.

Sipiki ng'o!

Mwalimu akaiomba rula tuliyopimia uzi, darasa zima tuna hiyo moja. Kumbe mwanzo wake umekatika, namba zinaanzia tano! Hata mimi sikuona. Kila urefu tuliopima umezidi sentimita tano, kwa hiyo g nayo lazima izidi.

Akauliza taratibu, "Kwa rula hii, hiyo 9.8 mmeitoa wapi?"

Wenzangu wakaanza kufuta.

Nimefika nyumbani Kijenge, huko kwenye grupu la darasa naitwa msaliti.

Niiteni mnavyotaka. Jibu langu lina kosa, ila mimi nilipima.