Siku Tuliyounganisha Boti la Plastiki Tukimngoja Masele

Iko siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu nimekuona ukizunguka uani na simu mkononi, unapiga, unakata, unapiga tena, hata chai yako imepoa. Hebu kaa. Nilikuwa na umri kama wako. Nimeolewa hapa Masumbwe hata mwaka haujaisha, na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, Kabula, imekuwa kubwa, kuinama kufagia tu ni kazi.

Mume wangu, Masele, alikuwa fundi wa makarasha, zile mashine za kuponda mawe ya dhahabu. Aliitwa kisiwani, huko ziwani, kutengeneza mashine ya kusaga iliyowafia watu. Akaenda na fundi mwenzake, Petro, kijana wa Ushirombo aliyekuwa na utani mwingi hata ukimpa uji wa moto anauita wa baridi. Walisema watarudi Alhamisi. Alhamisi ilipofika, upepo ulivuma tangu alfajiri, mabati yakapiga kelele kutwa, na mimi nikajifariji kwamba ziwa liko mbali, huenda huko kumetulia.

Jirani yetu Mama Sabina aliingia bila kubisha hodi.

"Mke wa Masele, umesikia? Mtumbwi wa abiria umezama. Wanasema hakupona mtu."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka tu kwamba nilipiga namba ya Masele, na yule mama wa kwenye simu akaniambia haipatikani. Nikapiga tena. Sauti ile ile, taratibu, kama vile haina habari na dunia. Nikageuka nikamkuta Mama Sabina ameshaanza kutoa viti nje, kwa ajili ya watu watakaokuja kulia.

Hapo baba mkwe akatoka chumbani. Mzee Shija alikuwa amestaafu kutoka karakana ya mgodi wa almasi kule Mwadui, mtu wa maneno machache. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya sisi watatu.

"Nani amekwambia?" alimuuliza Mama Sabina.

"Watu wa stendi, mzee."

"Yupi kati yao ameuona huo mtumbwi?"

Mama Sabina akatazama viti alivyovitoa.

"Basi rudisha viti ndani. Hapa hakuna msiba mpaka tuambiwe na mtu aliyeona."

Akachukua simu, moja tu iliyokuwa imebaki nyumbani, akampigia rafiki yake waliyefanya naye kazi zamani, Mzee Lukas, ambaye siku hizo alikuwa anaishi karibu na mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga. Lukas akasema naye kasikia kelele, anateremka sasa hivi kuangalia, atapiga. Baba mkwe akakata, nami nikanyoosha mkono niipate simu nimpigie Masele tena. Hakunipa.

"Umeme umekatika tangu jana, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "na chaji imebaki kidogo. Ukiimaliza kwa kumpigia mtu asiyepatikana, Lukas atatupataje?"

"Basi nitapanda pikipiki, baba. Nitaenda mwenyewe."

"Na tumbo hilo? Ukifika utafanya nini, utaingia majini?"

Nilisimama pale mlangoni, na mtoto tumboni anageuka kama amesikia yote. Mzee akaingia chumbani, akatoka na boksi.

Lazima nikueleze hilo boksi. Tangu astaafu, baba mkwe alipenda kuunganisha vile vitu vya mfano vya plastiki: gari dogo, ndege ndogo, vinakuja vipande vipande vimeshikana kwenye fremu, unavikata, unasugua kingo, unabandika kwa gundi. Masele ndiye aliyekuwa anamnunulia, kwenye duka la mama mmoja wa Kihindi mjini Shinyanga. Hili la mwisho lilikuwa boti la uokoaji, lile la kujazwa upepo ambalo meli hubeba kwa ajili ya hatari. Kwenye boksi halikujazwa upepo wowote, ni plastiki ngumu, na likikamilika lingetosha kwenye kiganja. Juu ya kifuniko walichora boti la rangi ya chungwa katikati ya mawimbi, na watu ndani wameinua mikono. Mzee aliona macho yangu yanakwenda wapi. Akakigeuza kifuniko, picha ikaangalia meza.

"Njoo ukae," akasema.

Mwanangu, kwetu Wasukuma mkwe wa kike hakai meza moja na baba wa mumewe. Hampeani kitu mkono kwa mkono. Nilimtazama nikidhani amechanganyikiwa. Hasira nazo zilinipanda: mwanawe hajulikani alipo, naye anataka kucheza na plastiki? Nikamuuliza waziwazi, "Baba, huogopi?"

Alivuta kiti cha pili, akaweka kipande mbele yangu, akaondoa mkono wake ndipo mimi nikakichukua. Mama Sabina akakaa kwenye mkeka pembeni, amekumbatia magoti.

Kazi yangu ilikuwa kusugua kingo kwa msasa. Ubavu wa boti ule uliotuna kama puto ulikuwa na sehemu mbili, ya juu na ya chini, na zisipokaa sawa unabaki mstari mbaya katikati. Nilisugua, nikapuliza vumbi, nikasugua. Simu tuliiweka mezani kati yetu. Kila upepo ulipogonga dirisha niliitazama. Nilijiona mjane, mara nikamwona Masele anaingia na buti zake zenye grisi, mara nikaona maji tu. Lakini vidole vilikuwa na kazi, na kwa ajili hiyo sikupiga kelele.

Simu ilipolia, mzee hakuigusa. "Pokea wewe," alisema. Ndipo nilipoiona mikono yake. Ilikuwa imeng'ang'ania ukingo wa meza.

Alikuwa Lukas. Mtumbwi ulipinduka kweli, wavuvi wamewatoa watu wengi wakiwa hai, wengine bado wanatafutwa. "Masele sijamwona," alisema. "Simaanishi hayupo. Nasema sijamwona." Akakata.

Niliyarudia maneno yake kama alivyoyasema. Baba mkwe akaitikia kwa kichwa, akachukua sakafu ya boti, akaibandika. Akaibandika kinyume, chini juu. Mtu aliyefunga na kufungua mitambo maisha yake yote! Alipogundua alijaribu kuibandua kabla gundi haijashika, akaivuta kwa nguvu, ikakatika. Akaviweka vile vipande viwili mezani, akafunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti.

Sikuwahi kumwona mwanamume wa rika lake akilia. Nilitaka kutoka nje. Badala yake nilivivuta vile vipande kwangu, nikavipaka gundi, nikavishikilia vikiungana. "Baba," nikasema, "hii inashikiliwa mpaka lini?"

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Mpaka uhisi haichezi," akasema. Tukaendelea.

Jua lilipoanza kushuka simu ililia tena, namba ngeni, nikapokea. "Mimi," ikasema sauti, na ilikuwa ya Masele. Alikuwa ameshikilia dumu tupu la mafuta yeye na mwanamke mmoja mpaka wavuvi walipowafikia. Mama Sabina akaruka kutoka mkekani kutaka kupiga vigelegele. Baba mkwe alimwinulia mkono anyamaze, akaniomba simu, akasahau hata ule mwiko wa mkono kwa mkono.

"Petro yuko wapi?" akauliza.

Nikamsikia Masele akilia, akisema amemwona Petro akizama mbele ya macho yake.

Kesho yake asubuhi mimi na mzee tulikwenda Ushirombo, kwa mama yake Petro. Tulidhani tutawakuta watu wamejaa. Tulimkuta peke yake jikoni ananyonyoa kuku. Kuna mtu mwenye haraka, sijui nani mpaka leo, alisikia kwamba fundi wa kisiwani amepona, akampigia kumpongeza. Fundi aliyepona alikuwa Masele. Yule mama alituona akatabasamu. "Karibuni, mmewahi. Mwanangu yuko njiani."

Baba mkwe alivua kofia. Akamshika mkono, akamketisha, akamwambia mwenyewe, kwa maneno mafupi, bila kuzunguka. Yule mama akaangua kilio. Tulibaki naye mpaka baada ya mazishi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Hofu ikikujia, kwanza fanya lile linalowezekana: mpigie mtu anayeweza kuona kwa macho. Ukishafanya, usizunguke. Ipe mikono yako kazi, hata ya kumenya maharage, kichwa kitafuata polepole. Usimlie mtu ambaye hujaambiwa amekufa, na usimshangilie ambaye hujaambiwa amepona. Habari uliyosikia stendi, au iliyotumwa kwenye simu yako na mtu aliyetumiwa na mtu, isitoke kinywani mwako kwenda kwa mama wa mtu. Na ukimwona mwenzako ametulia siku ya hatari, usidhani hana uchungu. Kaa karibu naye. Huenda anakusubiri wewe umshike.

Mungu akulinde njiani na majini. Akupe moyo wa kungoja, na siku ya kungoja akupe mtu wa kukaa naye meza moja. Na huyo unayempigia, akurudie akiwa mzima. Amina.