Wimbo Mmoja kwa Sikio la Kushoto

Mteja wa kwanza anatua gunia lake mlangoni, anafungua mdomo aseme, kisha anakumbuka yuko wapi na kuufunga. Anakunja ngumi na kuinyanyua juu. Mtu aliyesimama nyuma ya mashine anaitikia kwa kichwa. Ngumi maana yake unga uwe laini kabisa.

Ni saa moja kasoro asubuhi na mkanda mpana wa mashine ya kusaga umeshaanza kukimbia. Chumba ni kidogo. Utando wa buibui kwenye pembe umeshika unga hadi umekuwa kama pazia. Sakafu inatetemeka kiasi kwamba kikombe cha chai kilichowekwa dirishani kinatembea chenyewe kuelekea ukingoni, na msagaji anakirudisha mahali pake bila hata kukitazama.

Hapa watu huongea kwa mikono. Vidole vilivyotanuliwa ni chenga, yaani nafaka ipasuliwe tu. Kidole kinachochora duara hewani maana yake rudia, pitisha mara ya pili. Lugha hii waliianzisha wasagaji wa zamani, wateja wakaidaka, na leo mgeni akija, foleni humfundisha kabla hajafika mbele.

Ipo ishara moja ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeifanyia mzaha: mikono miwili iliyopishana juu ya kichwa. Hiyo maana yake zima mashine sasa hivi, mtu amenaswa.

Msagaji mwenyewe anaitwa Babu. Alipewa jina hilo akiwa na miaka ishirini na sita, wiki yake ya kwanza kazini, kwa sababu ya unga uliomjaa kichwani. Sasa ana miaka hamsini na tisa, mvi za kweli zimeingia, na hakuna aliyeona tofauti. Mke wake, anayepima magunia na kuyashona midomo pale mbele, aliitwa Bibi kabla hajafikisha ishirini na tatu.

"Nilinuna mwaka mzima," anasema Bibi. "Halafu nikajiuliza, nitawanunia wangapi?"

Katika miaka yote hiyo ishara ya mikono iliyopishana imetumika mara moja tu. Miaka kumi na tisa iliyopita Bibi aliinama kuokota gunia, mkanda ukadaka ncha ya shuka alilojifunga mabegani. Mteja mmoja akainua mikono. Babu akaruka kwenye swichi. Bibi alipoteza kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Wote wawili wanasema kwamba kwa sekunde mbili zaidi angepoteza mkono mzima.

Miaka thelathini na tatu ya kelele haikumwacha Babu salama. Mwaka jana daktari wa masikio alimfungia kwenye kibanda cha vipimo na kumtoa na majibu: sikio la kulia limekufa, na la kushoto limebaki na thuluthi moja tu. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa akimwomba arudie kila sentensi, daktari alichukua kalamu akamwandikia kwamba kelele kubwa itamaliza kilichobaki, na kwamba sikio hilo alitunze kama mboni ya jicho.

"Nikamwambia, daktari, amua moja," anasema Babu. "Jicho au sikio."

Hakuwa na raha ya kutania. Mwezi uleule tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo mbele ya mashine. Mwanamuziki wa roki ambaye mashabiki wake humwita Mkongwe, mwenye miaka sabini na nne, angepiga kwenye uwanja wa mpira, alasiri, kwa mara ya mwisho kabla hajapumzika.

Msagaji nafaka alijuana vipi na roki? Kwa kukatika kwa umeme. Aliyemtangulia kazini alikuwa ameacha redio ya betri juu ya msumari. Mashine ikizunguka redio haikuwa na faida yoyote, ila Jumamosi mchana, umeme ukikatika, chumba kilinyamaza na redio ikasikika ikiwa katikati ya kipindi cha roki. Wateja walikuwa wakiulaani umeme kwa mdomo mpana. Babu alikaa juu ya gunia akiomba mafundi wa umeme wasiharakishe.

Ndivyo alivyoujua wimbo wa Mkongwe wa gitaa tupu, usio na ngoma wala kinanda, unaohusu mtu anayerudi nyumbani na kukuta taa imewashwa. Aliupata kwa vipande. Leo ubeti wa kwanza, baada ya miezi miwili wa tatu. Kila ulipokaribia mwisho, umeme ulirudi na mashine ikaufunika. Alipokuja kupata kaseti, sikio la kulia lilishaanza kuaga, na nakala yenyewe ilikatika kabla ya mwisho.

"Mimi huo wimbo sijawahi kuusikia mzima nikiwa na masikio mazima," anasema.

Hivyo tangazo lile lilimkosesha usingizi. Alikuwa na thuluthi ya sikio moja, na mtu aliyeutunga wimbo alikuwa anakuja mwendo wa nusu saa kutoka kwake, kwa mara ya mwisho.

Tiketi moja ilikuwa sawa na mshahara wake wa siku tisa. Bibi alinunua mbili kwa fedha aliyokuwa ameiweka ya godoro. Alipoulizwa na mumewe, alijibu kwamba wamelala kwenye bonde miaka sita na hakuna aliyevunjika, basi wa saba nao utapita. Mwenye mashine, mama mjane ambaye hajawahi kufunga siku ya kazi, alifunga na kubandika mlangoni karatasi iliyosema fundi ana udhuru.

Aliyebaki ni daktari. Alikataa. Bibi akarudi kwake peke yake, na hadi leo hasemi walichoongea, ila alitoka na makubaliano. Babu angevaa kinga za masikio, zile kubwa kama bakuli mbili, tangu getini hadi mwisho. Angezivua kwa wimbo mmoja tu. Si mbili.

Hakukuwa na haja ya kuuliza angechagua upi.

Siku ilipofika walifika mapema mno. Babu alizunguka uwanja kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Pembeni mwa jukwaa aliona jenereta kubwa kuliko chumba chake cha kazi, ikiwa imezungushiwa kamba. Akasimama hapo muda mrefu akiisoma: ubavu wa kupozea, nyaya nene kama mkono, kitufe chekundu mbele. Bibi alilazimika kumvuta shati.

Tamasha lilipoanza, jambo la ajabu likatokea. Ardhi ikatetemeka, na Babu akajikuta yuko nyumbani. Watu elfu nne waliomzunguka walikuwa wakipigiana makelele masikioni na hakuna aliyemwelewa mwenzake. Yeye na mkewe walipiga soga kwa mikono kama kawaida. Bibi alipotenganishwa naye na kundi la vijana warefu, waliendelea kuzungumza juu ya vichwa vyao.

Baina ya nyimbo Mkongwe alikuwa akiongea na watu, na Bibi alitafsiri. Kazi haikuwa rahisi, kwa sababu lugha ya mashine ina maneno ya mashine. Mzee yule aliposema kwamba siku hizi magoti yake yanapiga kelele kuliko gitaa, Bibi hakuwa na ishara ya magoti. Alionyesha mkanda uliolegea, kisha akaonyesha kwamba bado unazunguka. Babu akaangua kicheko peke yake, wenzake wakiwa wameshamaliza kucheka.

Ulipofika wimbo wa kumi, Bibi alikwenda kununua maji.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kasi, mmoja wa zile maarufu. Mashabiki wa Mkongwe wana desturi yao kwenye kiitikio chake: huinua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu ujana wao. Kila mtu pale uwanjani alilijua hilo isipokuwa mmoja. Babu alikuwa ameusikia wimbo ule redioni kwa miongo mitatu, na redio haionyeshi mikono.

Aliyekuwa mbele yake akainua mikono, akaipishanisha. Wa pembeni akafuata. Kisha uwanja mzima, midomo wazi, wote wakitazama jukwaani, wakipiga kelele ambazo Babu, akiwa na bakuli zake masikioni, hakuzisikia. Akageuka kushoto. Bibi hakuwepo.

"Sikufikiri," anasema. "Miguu ndiyo ilifikiri."

Alipita katikati ya watu kama anayezama. Akaruka kamba. Mlinzi mmoja alinyoosha mkono akashika hewa. Babu akaufikia ule mwili mkubwa wa chuma, akapiga kitufe chekundu kwa kiganja kizima.

Uwanja ukafa. Spika, taa za jukwaani, gitaa, vyote. Kwa muda watu waliendelea kuimba wenyewe, kisha wakasita, kisha wakaanza kuzomea.

Walinzi wawili walikuwa wamemdaka mikono. Yeye alikuwa bado anapaza sauti kwamba mtu amenaswa, mwangalieni, mwangalieni mama mmoja mwenye shuka la bluu. Fundi wa mitambo ya jukwaa, mwanamume mnene aliyeloa jasho, alikuja akikimbia huku akisema ovyo. Alitaka mtu huyo atolewe, apelekwe polisi, apelekwe popote.

Hapo ndipo Bibi alipotokea, chupa mbili za maji kwapani. Alikuwa ameona mikono ya watu kutoka kwenye foleni, akajua mumewe atakuwa wapi. Babu alipomwona aliacha kuhangaika, akawaegemea walinzi, wakajikuta wamembeba badala ya kumshika.

Bibi hakueleza mengi. Alipishanisha mikono juu ya kichwa. Kisha akaushusha wa kushoto, akautandaza mbele ya uso wa fundi mitambo ahesabu vidole.

"Huko kwetu, watu wakifanya hivi, ni mimi niliyenaswa," alimwambia. "Msamehe, baba. Alikuwa ananitafuta."

Fundi mitambo aliutazama ule mkono. Aliondoa kofia, akajipangusa uso nayo, akasema mitambo itachukua dakika kumi kuamka, na yeye miaka thelathini kwenye kazi hii hajawahi kuzimiwa umeme kwa ajili ya mapenzi.

Juu jukwaani Mkongwe hakuambiwa lolote zaidi ya kwamba kuna hitilafu. Alisimama kidogo, akaweka chini gitaa la umeme. Akaomba lile la mbao. Akaja nalo hadi ukingo wa jukwaa, upande uleule wa jenereta, akaketi taratibu kama wazee wanavyoketi, miguu ikining'inia. Zomeazomea ikafifia kutoka mbele kwenda nyuma.

Kati yake na Babu zilikuwa hatua sita.

Noti za kwanza zilikuwa za wimbo wa taa. Bibi alimvua mumewe kinga za masikio kwa mikono yake mwenyewe, akamgeuza kichwa, sikio la kushoto likatazama jukwaa.

Wengi waliokuwa nyuma wanasema hawakusikia kitu, waliwaona tu wa mbele wametulia. Babu alisikia. Sauti ya Mkongwe ilikuwa imepasuka, na kwenye ubeti wa pili haikufika alikotaka. Iliishia katikati, naye akatabasamu. Lakini Babu alisikia kitu ambacho redio haikumpa hata siku moja: vidole vikiteleza juu ya nyuzi kutoka noti moja kwenda nyingine, mkwaruzo mdogo, kama mtu anayevuta kiti usiku asimwamshe mwenzake. Anasema hicho ndicho kilichomtoa machozi. Maneno ya beti hizo aliyajua zamani.

Mlinzi wa kulia alimwachia mkono kwenye ubeti wa tatu. Wa kushoto alisahau.

Wimbo ulipofika pale ambapo umeme ulikuwa ukirudi, haukurudi. Ukaendelea. Ukaisha. Mtu yule kwenye wimbo anaizima taa, kumbe, ili alale. Babu alikuwa ameishi miaka thelathini akidhani inabaki imewashwa.

Akavaa kinga zake bila kuambiwa. Mitambo ilipowaka walikuwa wameshasindikizwa nje ya kamba, na tamasha wakalimalizia nyuma kabisa ya uwanja, wameshikana mikono, ile yenye vidole tisa kwa jumla.

Wiki mbili baadaye daktari alipima tena. Thuluthi ipo palepale. Kelele za uwanjani zilizuiwa na kinga, na wimbo pekee alioupokea kwa sikio tupu haukuwa na umeme ndani yake.

"Nimepewa," anasema Babu, na hapo anasimamisha kidole kana kwamba anataka kuhakikisha neno hilo linaandikwa. "Sikustahili, nilikosea, nikawaharibia watu starehe yao. Na bado nikapewa."

Mwisho wa mwezi huu anaiacha mashine. Mwenye mashine amekubali wabadilishane: Babu aje mbele kwenye mizani na sindano, Bibi aingie nyuma, na kinga za masikio ziwe sheria kwa yeyote atakayesimama pale. Bibi anasema kwa mara ya kwanza katika ndoa yao yeye ndiye atakayekuwa hasikii anapoitwa, na ana hamu kubwa ya kuonja utamu huo.

Kabla ya hapo wana barua kwa Mkongwe ya kumaliza. Imeshaandikwa mara nne. Bibi anataka iwe ya shukrani tupu, iishie hapo, maana wakitaja jenereta wanaweza kuletewa deni la uharibifu. Babu ameshikilia msimamo wake, na safari hii hata mkewe hamuwezi.

"Walete tu, nitalipa kidogo kidogo," anasema. "Yule mzee anapumzika. Sitaki apumzike akidhani siku ile ilikuwa ni hitilafu. Ajue kulikuwa na mtu pale pembeni, na ameusikia hadi mwisho."