Wino kwenye Gumba la Marehemu

Marehemu alikuwa na wino mbichi kwenye dole gumba la kulia.

Mimi ni mwosha maiti, mwaka wa kumi na tisa huu. Nimeona vidonda, nimeona funza. Sijawahi kutapika kazini. Kwa kisa hiki nilitapika.

Mzee alikuwa mwalimu mstaafu, jirani yangu, kafariki alfajiri. Saa tatu asubuhi namwosha, mdogo wangu anamimina maji kama tulivyozoea. Napitisha kitambaa mkononi, kinatoka zambarau.

"Hii nini tena?"

Mdogo wangu wala hakushtuka. "Kaka, siri ya maiti. Unachokiona hapa kinaishia hapa. Si wewe uliyenifundisha?"

Kweli, nilimfundisha mimi. Nikafunga mdomo, tukamvisha mzee sanda, tukazika.

Siku ya nne majirani tukaitwa sebuleni kwa marehemu, mirathi inasomwa.

Mke wa mzee alishatangulia. Alizaa wavulana wawili tu. Mkubwa naye alikufa zamani, akaacha mabinti wawili wanaoishi na mama yao chumba cha uani. Na kwa sheria yetu, mtoto wa kiume akiwepo, mjukuu harithi. Mzee alilijua hilo, ndiyo maana akawausia wajukuu theluthi ya mali yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, nakala akampa sheikh.

Theluthi moja tu, jamani. Mbili zilizobaki zote za yule mwanawe wa pili aliye hai, peke yake. Bado hakushiba.

"Baba aliufuta ule wasia wiki mbili zilizopita," akasema, akatoa karatasi. "Mkono ulikuwa unatetemeka, akaweka dole gumba."

Mama wa mabinti akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo tuhame lini, shemeji?"

"Mwisho wa mwezi." Anamjibu huku anachokonoa meno!

Nilitoka nje, nikatapika ukutani, nikarudi ndani.

"Sheikh, mwosha maiti husitiri aibu ya maiti. Huu uchafu ni wa walio hai. Mzee alikuwa anatawadha mara tano kwa siku, wino wa wiki mbili ungebakije kidoleni? Mimi nimeufuta ukiwa mbichi. Huyu kambonyeza baba yake gumba akiwa ameshakata roho!"

"Mwongo!" Jamaa akaruka. "Hapo kuna mashahidi wawili!"

Sheikh akavaa miwani. Shahidi wa kwanza alikuwa kaka wa mke wa huyo jamaa. Jina la pili akalisoma taratibu, halafu akaniangalia kwa huruma.

Lilikuwa la mdogo wangu.

Nikamgeukia. "Ulikuwepo?"

"Kaka, aliniahidi chumba cha mbele nifungue duka." Macho chini. "Mimi nilishika mkono tu."

Alishika mkono tu! Mkono wa maiti ambaye saa moja baadaye alikuja kummiminia maji, uso mkavu.

Sheikh aliikataa ile karatasi hapo hapo. "Kuwausia yatima hawa, wapo wanazuoni wanaosema ni wajibu," akamwambia jamaa. "Baba yako aliutimiza, wewe ukautemea mate." Mabinti wakapata theluthi yao, na chumba chao wako nacho mpaka leo.

Wenye wajukuu yatima, andikeni wasia mkiwa wazima, na mashahidi wawe watu wasiotamani hata kijiko chenu. Tamaa haiogopi kufuru.

Mimi wangu nimeshauandika. Mstari wa kwanza kabisa: nikifa, mdogo wangu asiniguse.