Shingo ya Bluu

Mimi ni bwana mifugo, na aibu yangu bado inaonekana shingoni. Nilinyoa ndevu kwa wembe butu, vipele vikanitoka. Badala ya kwenda zahanati, nikajipulizia ile dawa ya bluu ya vidonda vya kwato za mbuzi, nikafunika kwa skafu. Kwetu Chome kuna baridi, nani angeshangaa?

Kisha nikateremka tambarare ya Same kuwakanya wafugaji wasijitibu kwa dawa za mifugo. Niliwafokea kweli, eti wanacheza na maisha yao. Kule chini jua linachoma. Jasho likanitiririka, nikavuta skafu nijifute uso.

Mzee mmoja mfugaji akanisogelea, akaitazama shingo yangu.

"Pole, daktari," akasema kwa upole. "Umeanza kuchechemea lini?"