Herufi Moja ya Chiriku

Tulikuwa wawili, tumemaliza chuo kikuu mwaka mmoja, na shule ile ya Mwanza ilikuwa na nafasi moja ya mwalimu wa biolojia. Mmoja angebaki, mwingine angepelekwa kijiji cha ujamaa huko mbele ya Usagara. Mkuu wa shule akatupa somo lilelile, kila mmoja na darasa lake: linganisha tumbili na chiriku.

Mwenzangu, binti wa Bukoba, alifundisha Jumatatu. Nilikaa nyuma na daftari nikimtafutia kosa. Sikulipata. Alipomwigiza tumbili akikimbia na mahindi ya shamba la shule, mkuu mwenyewe alicheka. Nilitumia mchana mzima kujiuliza kama na mimi angenichekea, na kama angenichekea, je, asingekuwa ananicheka?

Jumanne nikawahi darasani, nikaandika ubaoni: TUMBILI NA CHILIKU. Halafu nikaenda ofisini kuongeza chaki, nikarudi nyuma ya mkuu, macho yangu kwenye viatu vyake.

Nikaeleza kwamba tumbili huishi kwa kundi. Mmoja hukaa juu akilinda, na akimwona tai hupiga kelele ili wote wapone. Chiriku dume huimba peke yake.

“Si anaimba kwa sababu amefurahi, Mwalimu?” akauliza msichana wa dawati la mbele.

“Hapana. Anawaambia madume wenzake kwamba mti huu una mwenyewe.”

“Kumbe ni wivu tu.”

Darasa likacheka, mkuu akacheka na kuandika kitu. Mimi nikaona masikio yanawaka.

Mkuu alipotoka, niligeuka kufuta ubao. Palisomeka CHIRIKU. L yangu, L ya Kisukuma changu, ilikuwa imefutwa kwa kidole, na R iliyosimama pale haikuwa mwandiko wangu.

“Nani amegusa ubao?”

“Yule mwalimu mwenzako,” akasema yule msichana. “Alipita ulipofuata chaki. Akatukataza kucheka.”

Nafasi nikapewa mimi. Siku ya kuondoka, mwenzangu alipanda lori na godoro lake, akanipungia mkono. “Ndugu, linda mahindi.” Wiki nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumshukuru. Nikasema, “Safari njema.”

Wivu haukuondoka na lori. Ulihama tu kutoka kwenye kicheko cha mkuu ukakaa kwenye ile R. Maana najijua: ningeikuta L ubaoni kwake, ningeiacha.