Mwanga Ulipochelewa Butiama

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Musoma, Fundi Mkuu alinipa kipande cha waya uliomenywa akaniuliza naona nini. Nikajibu naona unywele.

"Hicho ni kioo," akasema. "Simu zote za kwenda Bunda zinapitaga humo. Ukikivunja, mkoa mzima unatukana ukoo wako."

Nyinyi vijana mnaopiga simu za video mmejilaza, sidhani kama mmewahi kujiuliza. Sauti zenu hugeuzwa kuwa mwanga, tena mwanga usioonekana kwa macho, ukakimbia ndani ya kioo kilichofukiwa kando ya barabara. Na kioo huuchelewesha. Mwanga ukiingia humo hupunguza mwendo, na kioo cha kila kiwanda kina uzito wake, yaani namba ya kiasi kinachouchelewesha. Nilipoelezwa hayo nilisahau hata chakula cha mchana. Shuleni nilifundishwa kwamba hakuna kinachoushinda mwanga mbio, kumbe unywele tu unaweza kuushika mkono.

Kuchelewa huko ndiko kulikotulisha. Waya ukikatika, tulikuwa na mashine ya kurusha mmweko wa mwanga ndani yake. Mmweko ukifika kwenye jeraha, sehemu yake hurudi kama mwangwi wa sauti mlimani. Mashine hupima muda uliopita, ikakupa umbali. Lakini kwanza uiambie namba ya uzito wa kioo chako. Usipoiambia ukweli, nayo hukudanganya bila haya.

Baadaye nikahamishiwa Bunda, chini ya Mhandisi wa Njia, mtu mkali asiyependa visingizio. Asubuhi moja waya wa Butiama ulikatika na hospitali ikakosa mawasiliano. Tukapima kutoka Bunda kwa mashine tuliyoazima Musoma, tukafuata umbali ule hadi kwa mjane mmoja, Bibi Wegesa. Kwetu huku mtu huzikwa nyumbani kwake, na waya ulipita hatua moja tu kutoka miguuni pa kaburi la mumewe. Mashine ilisema jeraha liko hapo hapo. Shimo letu lingelibomoa kaburi, lakini vibarua walikwisha kushusha sururu.

Bibi Wegesa hakupiga kelele. Alikuja taratibu, akaketi juu ya sementi ya kaburi, akanyoosha miguu.

"Shikamoo, mama," Mhandisi akasema.

"Marahaba. Mzee wangu anapumzikaga hapa. Mkichimba, mnaanza na mimi."

"Mama, hospitali haina simu."

"Nimesikia. Na mimi nimekaa."

Niliingiwa na hofu. Kati ya wagonjwa na marehemu, nilijua bosi wangu angechagua nani. Akatazama kaburi, kisha akanigeukia.

"Binti, hiyo mashine ina namba ya kioo gani?"

"Cha waya mpya wa Musoma, bosi. Ndivyo ilivyokuja."

"Njia hii ni waya wa zamani. Kioo chake kizito, mwanga unachelewa zaidi, ndiyo maana mashine inadhani jeraha liko mbali. Badilisha."

Kipimo kilikuwa bado ndani ya mashine. Nikabadilisha namba, na jeraha likarudi nyuma kuelekea Bunda: hatua chache tu, lakini likatoka uani kwa watu hadi kwenye kalavati. Tukachimba. Waya ulikuwa hapo, umekatwa na jiwe lililoporomoka. Tukauunga, hospitali ikapata simu.

Bibi Wegesa akaja kuchungulia shimo.

"Kwa hiyo mlitaka kumfukua mzee wangu sababu mwanga umechelewa?"

"Ndiyo, mama. Utusamehe."

"Basi muwe mnausubiri."

Sasa nimestaafu, niko Kitaji, mtaani hapa Musoma, magoti yananidai miaka yote niliyoyapigisha mitaroni. Watu huniuliza kama nimewahi kuona muujiza. Huwaambia waende Butiama. Mzee amelala palepale alipolazwa, na hatua moja kutoka miguuni pake sauti za walio hai zinapita usiku na mchana, wala hazimwamshi.